Kiungo Kilichonyamaza

Simu ililia siku ya tambi.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja jikoni kwa Wilma Gingerich, tukitengeneza tambi za mayai kwa ajili ya harusi ya binti wa Shemasi. Unga uliosukumwa ulikuwa umetandazwa kila mahali ukauke: juu ya meza, juu ya migongo ya viti, hata juu ya kitanda cha wageni kilichotandikwa shuka safi. Mimi nilikuwa nazungusha mashine ya kukatia. Wilma alikuwa amekaa na mtoto wake wa wiki tano kifuani, anatoa amri kama jemadari aliyevunjika mguu.

"Drusilla, unga wako mnene huo. Watu wanakuja kula, hawaji kuezeka paa."

"Bora mnene kuliko mwepesi kama ulimi wako," akajibu Drusilla, mke wa Shemasi, na sote tukacheka.

Ndipo kitu kikalia. Sauti nyembamba, ya kukatakata.

"Nyenje huyo," akasema mtu.

"Nyenje gani wa mwezi wa nne?" Wilma akauliza. "Theluji ya nyuma ya ghala haijaisha bado."

Kikalia tena. Drusilla alifuta mikono, akaifuata sauti mpaka kwenye cherehani ya Wilma, akavuta droo, akatoa vipande vya vitambaa kimoja kimoja, mwisho akaitoa. Simu ndogo nyeusi ya mkononi, ikitetemeka kiganjani mwake kama kifaranga. Ikanyamaza. Na sisi tukanyamaza.

Kwetu simu haikukatazwa kabisa. Ipo moja kwenye kibanda kando ya barabara, ya kumwitia daktari wa ng'ombe na daktari wa watu. Iliyokatazwa ni ya ndani ya nyumba, na iliyokatazwa zaidi ni ya mfukoni, kwa sababu mtu anayeweza kuongea na ulimwengu mzima akiwa peke yake chumbani, jirani atamtafutia nini? Hivyo ndivyo sisi Waamishi wa hapa, Wakristo tunaoishi kwa desturi za kale, tulivyokubaliana, na kila mmoja alipobatizwa alipiga magoti akaahidi. Wilma aliahidi. Mimi niliahidi miaka minne iliyopita, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Macho yote yalimgeukia Wilma. Nyumba yake, cherehani yake, droo yake.

"Msinitazame mimi," alisema, akicheka kidogo. "Hata kuifungua sijui."

Hakuna aliyecheka naye. Wala hakuna aliyenitazama mimi. Niliendelea kuzungusha mashine, na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: mkono wangu haukusimama. Tambi zilitoka zimenyooka.

Simu ilikuwa yangu.

Dada yangu Rosanna aliondoka nyumbani kabla ya kubatizwa, kwa hiyo hakuvunja ahadi na kanisa halikumfungia. Barua zake zinakuja na zinasomwa mezani mbele ya wote. Lakini barua haina sauti. Tulilala kitanda kimoja miaka kumi na saba, na Rosanna ni mtu wa kusema upuuzi mpaka unajiziba mdomo kwa blanketi. Alipokuja wakati wa Krismasi aliniachia simu ndani ya soksi. "Jumatano saa tisa niko mapumziko kazini," alisema. "Dakika kumi tu, Saloma. Kumi tu." Nikaichaji kwa betri ya taa za gari letu la farasi. Nilipokwenda kwa Wilma kumsaidia baada ya uzazi, kama tunavyofanya wasichana ambao hatujaolewa, nikilala huko Jumatatu mpaka Ijumaa, nilikwenda nayo. Aliyekuwa akishona nyumba ile ni mimi. Wilma hakugusa cherehani tangu ajifungue. Droo nikaiona kama yangu. Siku ile nilisahau kuizima.

Nilijiambia, nitasema wanawake wakiondoka. Wakaondoka. Nikajiambia, nitasema Mahlon akirudi kutoka shambani. Mahlon ni mume wa Wilma. Alirudi, na nyuma yake akaingia Shemasi Orva Schlabach na mhubiri mmoja wa kushuhudia, maana mkewe hakuchelewesha habari. Simu ilikuwa imefungwa kwenye leso ya Shemasi, naye aliibeba kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

"Wilma, dada yetu. Hii imetoka kwenye droo yako."

"Imetoka, sikatai. Sikuiweka mimi."

"Aliiweka nani?"

Wilma alimtazama Mahlon. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini mimi niliona, kwa sababu kazi yangu kubwa katika nyumba za watu ni kuona bila kuonekana. Na Mahlon wakati huohuo alikuwa anamtazama Wilma.

"Sijui," alisema Wilma.

Mimi nilikuwa nasuuza vikombe. Shemasi hakuniuliza kitu. Akasema "asante kwa kahawa, Saloma," akatoka.

Sisi hula meza ya Bwana mara mbili kwa mwaka, majani yanapochipua na baada ya mavuno. Wiki mbili kabla yake tunakaa baraza, waliobatizwa peke yao, kuanzia asubuhi mpaka jua linapoinama. Askofu anapitia maagizo yetu yote. Kisha wahubiri wawili wanapita, mmoja kwenye mistari ya wanaume, mmoja kwenye mistari ya wanawake, wanainama kwa kila mtu na kumuuliza: una amani na Mungu, una amani na ndugu zako, unataka kula pamoja nasi? Unajibu kwa kunong'ona. Jambo la mmoja lisiponyooka, si yeye peke yake anayekosa. Hatuli sote.

Mwaka huu baraza lilikaa kwenye karakana ya useremala ya jirani yetu. Askofu Emery Hershberger si msemaji. Anashona hatamu, na hata akihubiri vidole vyake vinavuta uzi.

"Farasi akiwa na kidonda chini ya mkanda," alisema, "hukioni. Unachoona ni gari kwenda upande. Wapendwa, gari letu linakwenda upande. Na Kristo hana miili miwili, mmoja wa kidonda auweke stoo, mwingine mzima wa kutembelea. Anao huu mmoja tu. Ndio sisi tuliokaa hapa kwenye maranda ya mbao."

Mhubiri Ervin alipita kwenye mstari wetu. Nilisikia wenzangu mmoja mmoja. Akafika kwangu, ndevu zake karibu na sikio langu.

"Una amani, Saloma?"

"Nina amani," nikanong'ona.

Akaenda kwa mwingine. Nilidhani uongo mahali kama pale ungenikwama kooni. Haukukwama. Ulipita kama maji.

Kwa Wilma alikaa muda mrefu. Jioni Askofu alisimama akasema jambo moja bado halijanyooka, kwa hiyo meza itangoja.

Nje, wakati tunatafuta mashali yetu, maneno yalianza.

"Si apige magoti mara moja yaishe?" Drusilla alisema. "Magoti yake ni ya kioo?"

"Labda kweli si yake," akasema mama yangu.

"Basi simu ilitembea yenyewe, Edna, ikafungua droo, ikajifunika vitambaa isishikwe na baridi!"

Wakacheka. Mama alinigeukia. "Wewe unakaa mle ndani. Wilma ni mtu wa kusema uongo?"

"Hapana, mama," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli, na niliishika ile kweli njia nzima mpaka nyumbani, kama vile ingenisaidia.

Nyumbani kulikuwa na Babu Joas. Anakaa chumba cha chini kilichoungana na nyumba yetu. Mikono yake hutetemeka hata kijiko hakimfikii mdomoni, kwa hiyo kila Jumamosi na Jumapili ninamlisha mimi. Siku nyingine hulishwa na mama, lakini Babu husema mama anamlisha kama anayejaza pipa.

"Wamesema meza ni lini?" aliniuliza jioni ile.

"Bado, Babu. Wamesema tungoje."

Alimeza supu yake taratibu. "Miaka sitini na tatu sijakosa hata mara moja. Hata mwaka ule nilioanguka kutoka darini walinibeba kwenye mlango uliong'olewa." Akajilamba midomo. "Mimi nyama nimeacha, tumbaku nimeacha, farasi nimewapa wajukuu. Njaa iliyobaki ni hiyo moja. Nisingependa kuondoka nayo."

"Utakula, Babu."

"Nani kasema?"

Nilimfuta ndevu.

Jumatatu nilirudi kwa Wilma, na huko nikaona kile kidonda kilivyoenea. Wilma na Mahlon walikuwa watu wa kubishana. Walibishana kuhusu kuni, kuhusu jina la ndama, kuhusu nani aliyeacha mlango wazi mwaka waliooana. Ilikuwa ndiyo redio yetu sisi tusio na redio. Sasa walikuwa na adabu. "Chumvi, tafadhali." "Asante." Kisha hata hiyo ikaisha, wakaanza kupitia kwa watoto.

"Mwambie baba yako uzio wa kuku umelegea."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Mtoto mkubwa, wa miaka tisa, aligeuza kichwa huku na huku, mwisho akaomba aondoke mezani na sahani yake imejaa.

Asubuhi moja nilikuwa nasuuza vifaa vya maziwa, Mahlon akaingia akasimama mlangoni. Ni mtu mkubwa, na mtu mkubwa akiona aibu nyumba nzima inajaa aibu.

"Saloma. Wewe uko na mke wangu kutwa nzima."

"Ndiyo, kaka Mahlon."

"Alikuwa akiongea na nani?"

Nilifunga bomba. "Sijui."

"Na mwanamume?"

Ningeweza kusema hapana. Neno moja tu, lingemtoa mtu yule jiwe kifuani. Lakini nikisema hapana ataniuliza nimejuaje.

"Sijui," nikasema tena.

Akatikisa kichwa, akanishukuru. Alinishukuru! Akatoka kwenda kufunga farasi. Nimesema uongo barazani, mbele za Mungu. Lakini ule wa Mahlon ndio unaoniamsha. Wa barazani niliusema kwa woga. Huu niliusema nikiwa nimemwona usoni.

Wiki hiyohiyo barua ya Rosanna ilifika. Katikati ya habari za hali ya hewa aliandika: *mwambieni Saloma nimefaulu mtihani wa udereva, nilitaka ajue siku ileile.* Mama alisoma kwa sauti, akatingisha kichwa, akaendelea. Kwa hiyo lilikuwa ni hilo. Watu sabini na wanne walikosa mkate kwa ajili ya leseni ya udereva, na aliyejua ni mmoja, na alikuwa anapitisha bakuli la maharage.

Mwezi wa tano ukafika. Mahindi yakapandwa. Babu alianza kulala mchana kutwa. Askofu akatangaza baraza la pili.

Siku tatu kabla yake Wilma aliniita tukunje nguo. Alikunja mashati mawili ya Mahlon bila kusema kitu. Kwake huo ni ugonjwa.

"Nitapiga magoti," alisema.

"Kwa nini? Si ulisema si yako?"

"Si yangu." Alilitazama shati. "Saloma, wewe si mtu wa kueneza maneno, nitakwambia. Ni ya Mahlon. Nani mwingine? Amenyamaza kama gogo tangu siku ile. Mtu asiye na kosa anapiga kelele, namjua mimi. Nikiendelea kukataa, watamgeukia yeye, na yeye ameshawahi kufungiwa zamani, kabla hatujaoana, kwa kuendesha gari la injini la kijana mwenzake. Mara ya pili itamvunja."

"Lakini utakiri kosa ambalo hukufanya. Mbele ya kanisa."

"Na babu yako je? Nilimwona Jumapili. Amebaki pua na ndevu. Afe bila kula kwa sababu magoti ya Wilma ni ya kioo?" Alikuwa ameyasikia maneno ya Drusilla, kumbe. "Yamebeba watoto sita, magoti haya. Yatabeba na hilo. Shika ncha hiyo ya shuka."

Nikashika. Tukakunja, tukasogeleana, vidole vyake vikagusa vyangu, tukaachana, tukakunja tena. Mara nne tuligusana. Mara zote nne nilifungua mdomo.

Baraza la pili lilikaa nyumbani kwa Shemasi mwenyewe. Baada ya chakula cha mchana Askofu alimwita Wilma. Alipita mbele akiwa amevaa aproni nyeupe na kofia nyeupe, akapiga magoti sakafuni, akasema maneno yale ambayo husemwa, kwamba amekosa, kwamba anaomba uvumilivu wa Mungu na wa kanisa. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe na kwa hiyo haikuwa sauti yake. Nilimtazama Mahlon upande wa wanaume. Alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Kwake yeye sasa ilikuwa imethibitika.

Wilma akatoka nje kungoja, kama desturi ilivyo, na wahubiri wakaanza kupita kukusanya sauti. Tunapokea toba ya dada yetu? Kila mtu hunong'ona: nakubali. Ni neno dogo. Nililisikia likija kwenye mstari wetu kama mtu anayepanda ngazi. Nakubali. Nakubali. Mama yangu: nakubali. Baada ya neno lile meza ingetandikwa, Babu angekula, na hakuna kitu duniani ambacho kingenilazimisha tena kusema. Hilo ndilo lililonitisha. Ningekuwa salama. Ningeuma mkate ule nikiwa nimekaa kando ya Wilma, nikijua kwamba mwili huu umeunganishwa kwa uzi wa uongo wangu, na ningemeza, na ungepita kama maji.

"Saloma?"

"Sikubali."

Mhubiri Ervin akasahau kunong'ona. "Hukubali?"

Mstari mzima uligeuka. Nyuma yangu Drusilla alivuta pumzi. "Lo! Msichana ana moyo wa jiwe huyu."

"Sikubali kwa sababu si kosa lake. Simu ni yangu."

Askofu alisogea mbele hatua moja. "Simama, binti, useme wote wasikie."

Nikasimama. Nilisema habari ya Rosanna na ya soksi na ya droo. Nilisema kwamba mwezi wa nne niliulizwa kama nina amani nikasema ninayo. Nilitaka kuishia hapo. Lakini nikamwona Mahlon, ameondoa kiganja usoni.

"Na kaka Mahlon aliniuliza kama Wilma alikuwa akiongea na mwanamume," nikasema. "Nikamwambia sijui. Nilijua. Hakuwa akiongea na mtu."

Alitokwa na sauti ambayo siwezi kuiandika.

Walimwita Wilma ndani. Askofu alimweleza kwa maneno machache. Wilma hakunitazama kwanza. Alimtazama mumewe, muda mrefu, watu wote wakiwa wamekaa wanasubiri, na wao wakawa kama wako peke yao shambani. Kisha akanigeukia. Sikuona hasira. Alinitazama kama mtu anavyokitazama kiti kilichomwangusha.

"Wewe," alisema. "Ulikuwa umeshika ncha ya pili ya shuka."

Nilipiga magoti pale alipopiga yeye. Nikatolewa nje, nikasimama kando ya pampu ya maji, farasi wamefungwa mstari mzima uani, mikia inapunga nzi. Waliponiita ndani waliniambia ni wiki sita za kufungiwa. Jioni garini tulivuka daraja, mama akanigeukia.

"Na mimi nilisema nakubali," alisema. "Walipouliza kama ufungiwe. Nilikuwa wa tatu kuulizwa, Saloma, sikuwa na hata nafasi ya kusikia wengine watasema nini."

Nikamwambia nimeelewa. Baba aliendesha.

Kufungiwa kwetu hakuna kelele. Unafanya kazi na wenzako, unaongea nao, unalala kitandani mwako. Lakini huli nao meza moja, na aliyebatizwa hapokei kitu kutoka mkononi mwako. Mama aliniwekea meza ndogo umbali wa kiganja kutoka meza kubwa, ina kitambaa chake. Nikitaka kumpa baba mkate, nauweka juu ya meza, nauachia, ndipo anauchukua. Ni nusu dakika ya kungoja. Mara thelathini kwa siku.

Na Babu. Jumamosi ya kwanza niliingia na supu yake, nikachota, nikainua kijiko. Yeye hakufungua mdomo. Alitazama kijiko, akanitazama mimi, macho yake yakajaa maji.

"Siwezi, mtoto wangu," alisema. "Weka hapo."

Niliweka. Mama akaja akamlisha, haraka haraka, kama pipa. Nilibaki mlangoni. Supu ilimwagika kwenye ndevu na sikuruhusiwa kuifuta.

Meza ya Bwana ililiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita. Mimi nilibaki na Babu, tukisikiliza saa ya ukutani. Alasiri Askofu Emery na Shemasi Orva walikuja na kipande cha mkate kwenye kitambaa na chupa ndogo ya divai. Nilitoka nikaingia jikoni, kama ilivyotakiwa.

"Wote wamekula?" nilimsikia Babu akiuliza.

"Wote," akasema Askofu. "Isipokuwa mmoja."

"Na huyo mmoja ni wa nyumba hii."

"Ndiyo, Joas."

Nikaogopa atakataa. Nilisali asikatae, kisha nikaona aibu, kwamba hata katika sala ile nilikuwa najitafutia mzigo uwe mwepesi.

"Nitakula," alisema Babu. "Lakini mlango ufungueni."

Shemasi akaufungua. Mimi jikoni, wao chumbani, hatua kumi. Nilimwona Askofu akivunja mkate, na Babu akitafuna, polepole sana, meno mawili, macho yake kwangu. Alitafuna kama mtu anayengoja mwenzake amfikie. Wala simfikii. Meza nyingine ni baada ya mavuno, na kwa mtu wa namna yake mavuno ni mbali. Yeye anajua. Ningesema siku ile ya tambi, kabla ya uongo wa barazani, ningepiga magoti tu bila kufungiwa, ningekula pamoja naye. Hesabu hii nimeifanya mara nyingi. Haibadiliki.

Kesho yake asubuhi gari la farasi lilisimama nje. Alikuwa Wilma, ambaye sikwenda kwake tangu nifungiwe; hakushuka.

"Saloma! Jumatatu hii, nguo zimefika dirishani!"

Nilitoka nikasimama mbali kidogo. "Dada Wilma, mimi nimefungiwa."

"Nguo hazijabatizwa. Panda."

Njiani, tulipopita kibanda cha simu, Wilma alilegeza hatamu.

"Kanisani nilisema nimekusamehe," alisema. "Inanipasa kusema, nikasema, na nilimaanisha kiasi. Kiasi kilichobaki kinakuja. Kina miguu mifupi, usikisukume." Alivuta hatamu. "Wiki tano nilidhani mume wangu ananificha kitu. Naye alidhani nina mwanamume mjini. Mimi! Na tumbo hili na watoto sita! Aliponiambia nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nililia, na sijui niliacha saa ngapi."

"Nisamehe, Wilma."

"Nimekwambia usikisukume."

Mahlon alinisalimia kwa kichwa, akapita. Ndani kwao walikuwa wanabishana kama ndama aitwe Tulipu au aitwe Bi. Schlabach, na mtoto mkubwa alikuwa anakula. Mchana nilikaa kwenye meza yangu ndogo, nao kwenye yao, nikawasikiliza. Niliikosa nafasi yangu kwenye meza ile kuliko nilivyoikosa ya kwetu.

Alasiri tulikuwa tunaanika kundi la mwisho. Jua lilikuwa kali. Nilikwenda kisimani nikaleta jagi la chai ya mnanaa lililokuwa likipoa huko, nikamimina glasi yangu. Wilma alikuwa upande wa pili wa shuka iliyolowa, vibanio mdomoni, jasho linamtiririka. Akatema vibanio, akanyoosha mkono, akachukua glasi kutoka mkononi mwangu, akanywa yote mara moja.

Akasimama, glasi ikiwa bado mdomoni. Tukatazamana.

"Hujaona kitu," alisema.

Ningependa sana kusema sijaona. Hakukuwa na mtu mwingine uani, ila kuku.

"Nimeona, Wilma."

Alijifuta mdomo kwa kiwiko. Nilingoja anikaripie. Alinitazama, na safari hii alikuwa ananitazama mimi, si kiti.

"Haya," alisema. "Basi jioni nitakwenda kwa Orva nikamwambie mwenyewe, na Drusilla atapata la kusema wiki nzima. Wewe utabaki na watoto, na mdogo anaharisha."

Aliinama akaiweka glasi kwenye nyasi katikati yetu, akaondoa mkono, nami nikaiokota. Kisha akainua ncha ya shuka iliyofuata na kuninyooshea ncha ya pili.